Lango la Kikuyu: Miaka 100 ya Alliance na nafasi zilizochelewa

Tarehe 1 Machi 1926, wavulana wasiofika 30 waliripoti katika shule mpya ya bweni iliyojengwa na makanisa ya Kiprotestanti huko Kikuyu, takriban kilomita 20 kutoka Nairobi. Walikuwa wametumwa na misheni mbalimbali, wakibeba matumaini ya vijiji vyao. Wakati huo koloni la Kenya lilikuwa na Waafrika zaidi ya milioni mbili, na sekondari yao ilikuwa bado ndoto. Wakatoliki walikuwa wametangulia kidogo: mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha shule ya Kabaa, Ukambani, mwaka 1925, ile ambayo baadaye ilihamia Mang'u. Ukiziweka mbili hizo pamoja, bado wangepata nafasi watoto wachache mno.

Miaka mia imepita. Alliance High School imetoa mawaziri, majaji, maaskofu, madaktari, wanahisabati na waandishi, na katika sherehe za mwaka huu majina hayo yatasomwa kwa fahari inayostahili. Lakini historia ya shule hii ina upande wa pili ambao hotuba za maadhimisho huupita haraka, nao ni historia ya kungoja. Alliance ilichelewa kuzaliwa. Ilipozaliwa ikabaki ndogo. Dada yake, shule ya wasichana, akachelewa zaidi. Na kila mara makanisa na serikali walipochelewa kujenga, watu waliobaki nje walifanya jambo lililoibadilisha nchi: walijenga wenyewe. Huwezi kuisimulia Alliance vizuri bila kuwasimulia hao.

Kutoka meza ya Bwana hadi darasani

Chanzo cha Alliance hakikuwa shule, kilikuwa ibada. Juni 1913, wamisionari wa makanisa kadhaa walikutana katika kituo cha Kanisa la Scotland kule Thogoto, Kikuyu, kutafuta namna ya kufanya kazi pamoja badala ya kugombania vijiji. Maaskofu wawili wa Kianglikana, Willis wa Uganda na Peel wa Mombasa, walihudhuria. Mwishoni washiriki wa madhehebu mbalimbali walipokea ushirika mtakatifu pamoja, na kitendo hicho kikawasha moto. Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliwashutumu wenzake hao wawili kwa uzushi, na mabishano yakafika hadi kwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Yaani mwaka mmoja kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, viongozi wa Kanisa la Uingereza walikuwa wakijadili kwa hamaki kilichotokea katika kijiji kimoja cha Ugikuyu.

Vita vikaingilia kati. Wanaume wa Kenya walichukuliwa kwa maelfu kubeba mizigo ya jeshi katika kikosi cha wapagazi ambacho jina lake limebaki Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Daktari John Arthur wa misheni ya Kikuyu alikiongoza kikosi cha wapagazi waliotoka katika misheni. Waliorudi walirudi na macho mapya. Walikuwa wameona barua, ramani na hospitali za jeshi, na walijua kwamba aliyeweza kusoma hakubeba mzigo mzito kama asiyeweza.

Mwaka 1918 makanisa manne, yaani Kanisa la Scotland, CMS la Waanglikana, Africa Inland Mission na Wamethodisti wa United Methodist, yaliunda muungano uliokuja kuipa shule jina lake. Muungano wa imani ulishindikana kwa sababu kila upande uliogopa kupoteza mafundisho yake. Ushirikiano katika elimu ndio uliosalia mezani, kwa kuwa ulikuwa haugusi altare. Kwa hiyo shule mashuhuri kuliko zote nchini ni zao la ndoto kubwa iliyokwama, na kutoka muungano ule hadi siku ya kwanza darasani ilipita miaka minane.

Kwa nini ilichukua muda mrefu

Wepesi wa kuwalaumu wazungu wa misheni kwa uchelewaji huo unaficha mambo matatu yaliyofanya kazi kwa pamoja.

La kwanza ni serikali ya kikoloni. Sera yake ya mwanzo ilikuwa kuyaachia makanisa elimu ya Mwafrika, kisha kuyapa ruzuku ndogo kwa masharti. Masharti hayo yalipendelea ufundi: useremala, uashi, kilimo. Walowezi walihitaji vibarua mashambani, na walikuwa na sauti kubwa katika baraza la kutunga sheria. Shule inayofundisha Kiingereza, hesabu za juu na historia ilikuwa na watetezi wachache mle ndani.

La pili ni misheni zenyewe. Kwa wengi wao shule ilikuwa mlango wa kanisa: mtoto afundishwe kusoma ili asome Biblia, abatizwe, kisha awe mwalimu wa katekisimu kijijini. Hivyo vishule vya kijijini viliongezeka haraka, kila dhehebu likikimbilia kilima kabla ya jirani yake, huku ngazi ya juu ikibaki tupu. Africa Inland Mission hasa iliitazama elimu ya juu kwa wasiwasi, ikihofia ingemvuta kijana mbali na wokovu. Wasiwasi huo uliigharimu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 waumini wake wa Murang'a, wakiwa wamechoka kuomba shule bora, walijitenga na kuanzisha kanisa lao, na wakaliita kwa majina ya vitu viwili walivyovitaka: African Christian Church and Schools.

La tatu ni fedha. Misheni ziliishi kwa sadaka za waumini wa Scotland, Uingereza na Marekani, na sadaka hizo zilipanda na kushuka kulingana na hali ya uchumi wa huko. Kujenga kanisa la nyasi kijijini kuligharimu nguvu za waumini tu. Kujenga bweni la mawe, maabara na nyumba za walimu wenye shahada kulihitaji pesa taslimu, na kuziendesha kulihitaji pesa kila mwaka.

Mwaka 1924 ujumbe wa mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani ulipita Afrika Mashariki kuchunguza elimu. Mwenyekiti alikuwa Thomas Jesse Jones, na ndani yake alikuwemo James Aggrey, mwalimu kutoka Gold Coast, Ghana ya leo. Kwa Waafrika waliomsikia, Aggrey alikuwa hoja inayotembea: Mwafrika msomi anayewahutubia Wazungu nao wakamsikiliza. Ripoti ya ujumbe ule ilitukuza elimu ya vitendo kama ya Hampton na Tuskegee, vyuo vya Wamarekani weusi, lakini pia iliisukuma serikali na misheni kushirikiana kwa mpango. Shule ya Jeanes kule Kabete, ya kuwaandaa walimu wa vijijini, ilianza 1925. Alliance ikafuata mwaka uliofuata. Jina la Aggrey limebaki katika mojawapo ya nyumba za wanafunzi wa Alliance hadi leo.

Grieve, kisha Carey Francis

Mwalimu mkuu wa kwanza, G. A. Grieve, Mskoti, aliongoza kutoka 1926 hadi 1940. Alianza na majengo machache na masomo ambayo hayakufika mwisho wa sekondari. Aliyetaka kuendelea ilimbidi avuke kwenda Makerere, Uganda, au ng'ambo. Shule ilikua polepole kwa sababu kila bweni jipya lilihitaji mazungumzo kati ya makanisa manne na idara moja ya serikali, na kwa sababu mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza 1929 ulikata ruzuku na sadaka kwa mpigo.

Mwaka 1940 alikuja Edward Carey Francis. Alikuwa mhadhiri wa hisabati Cambridge kabla ya kuiacha kazi hiyo mwaka 1928 na kuja kuongoza shule ya Maseno, Nyanza. Alikaa Alliance hadi 1962. Alikuwa mkali, asiyeoa, mwenye saa mkononi na mpira miguuni, na aliamini kwamba kijana wa Kiafrika aweza kushindana na yeyote duniani ilimradi asipewe udhuru. Wanafunzi wake walimwogopa, wakamcheka kwa siri, na wengi wakamheshimu hadi kufa. Alipostaafu hakurudi Uingereza. Alikwenda kufundisha Pumwani, mtaa wa watu wa kipato cha chini Nairobi, na huko ndiko alikokuwa akifundisha hadi alipofariki 1966.

Chini ya wakuu hao wawili ilijengeka sifa ambayo bado ingalipo: ibada asubuhi, usafi, michezo, mijadala, tamthilia za Shakespeare, na mitihani. Walimopita humo ni Eliud Mathu, ambaye mwaka 1944 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuketi katika baraza la kutunga sheria la Kenya, Oginga Odinga, James Gichuru, Ronald Ngala, Julius Kiano, Paul Ngei, Charles Njonjo, na Ngũgĩ wa Thiong'o. Baraza la kwanza la mawaziri la Kenya huru lilijaa watu waliokuwa wamevaa sare moja.

Fahari hiyo ina maelezo yasiyopendeza. Nchi inapokuwa na milango miwili mitatu tu ya elimu ya juu, kila atakayekuja kuwa mkubwa atakuwa amepita katika mojawapo. Ubora wa walimu ulichangia sana. Uchache wa nafasi ulichangia pia, na mara nyingi umepewa sifa kidogo kuliko unavyostahili.

Waliobaki nje ya lango

Wakati Alliance ikihesabu wanafunzi wake kwa makumi, wazazi wa Kenya walikuwa wameshakata shauri. Mabaraza ya wenyeji yaliyoundwa na serikali 1924 yalianza kujitoza kodi za ziada kwa ajili ya shule. Fedha hizo zilisaidia kuzaa shule za serikali kama ile ya Kakamega na ile ya Kagumo, Nyeri, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Wakuu wa wilaya walishangaa: watu waliosemekana hawaijali elimu walikuwa tayari wamekusanya pesa, na ofisi ndiyo iliyokuwa ikichelewa kuidhinisha matumizi.

Mwaka 1929 ukaja mgogoro uliovunja subira. Misheni za Ugikuyu, Kanisa la Scotland likiwa mstari wa mbele, ziliwataka waumini na walimu waape kuiacha tohara ya wasichana. Kiapo cha kuweka alama ya kidole gumba, maarufu kama kirore, kiligawa familia na makanisa. Maelfu ya watoto waliondolewa au kufukuzwa katika shule za misheni kwa muda mfupi. Suala lililoonekana ni mila. Chini yake kulikuwa na swali la nani anayemiliki shule: ikiwa mwanakijiji ametoa ardhi, amefyatua matofali na kulipa ada, mmisionari anapata wapi haki ya kumfukuza mtoto wake?

Jibu lilikuwa shule huru. Chama cha Shule Huru za Wakikuyu na kile cha Karing'a viliibuka miaka ya 1930, na madarasa ya mabati na udongo yakasimama kwenye viwanja vilivyotolewa na wazee. Walimu walikuwa wachache na vitabu havikutosha, lakini nafasi zilipatikana. Upungufu mkubwa ulikuwa walimu waliofunzwa, na hapo ndipo historia inapozunguka kwa namna ya kushangaza. Aliyeongoza kuutatua ni Mbiyu Koinange, mmoja wa vijana wa mwanzo kabisa wa Alliance. Alikuwa ameondoka Kikuyu kwenda Hampton, Marekani, akaendelea hadi Chuo Kikuu cha Columbia, na aliporudi 1938 akawa msomi mwenye shahada ya juu kuliko takriban Mwafrika yeyote nchini. Serikali ilimtaka afundishe kwa mshahara mdogo kuliko wa Mzungu mwenye kisomo kama chake. Akakataa. Mwaka 1939 kilifunguliwa chuo cha ualimu cha Githunguri, kikajengwa kwa michango ya rika kwa rika, na Jomo Kenyatta, ambaye mwenyewe alijifunza kusoma katika misheni ya Thogoto, akaja kukiongoza baada ya kurejea kutoka Uingereza 1946.

Kwa hiyo ndani ya eneo moja la Kiambu zilikuwepo shule mbili zilizotazamana. Moja ilikuwa na walimu wa Cambridge na nafasi chache. Nyingine ilikuwa na wanafunzi tele na upungufu wa karibu kila kitu. Ya kwanza ilidhibitiwa na makanisa, ya pili ikawa ya wananchi. Aliyeongoza kuianzisha ya pili alikuwa zao la ya kwanza.

Wasichana walisubiri miaka 22

Hakuna uchelewaji ulio wazi kama huu. Alliance ya wavulana ilifunguliwa 1926, ya wasichana 1948. Katikati hapo, wasichana wachache waliruhusiwa kukaa darasani na wavulana, mmoja wao akiwa Margaret Kenyatta, aliyekuja kuwa meya wa Nairobi mwaka 1970. Walikuwa wa kuhesabika kwa vidole.

Sababu zilizotolewa zilibadilika kila muongo. Kwanza ilisemwa wazazi hawako tayari. Kisha, wazazi walipokuwa tayari, ilisemwa hakuna walimu wa kike wa kutosha, jambo lililokuwa kweli kwa sababu hakukuwa na sekondari ya kuwaandaa. Baadaye ikawa pesa, na vita vya 1939 hadi 1945 vikawa udhuru wa mwisho. Shule za wasichana za misheni zilikuwepo, lakini nyingi zilifundisha ushonaji, upishi na malezi, kwa lengo la kumwandaa mke wa mchungaji au wa mwalimu.

Ilipofunguliwa Kikuyu mwaka 1948, jirani na ya wavulana, iliitwa African Girls' High School. Ndiyo leo Alliance Girls'. Miaka 22 ya tofauti hiyo haikuishia shuleni. Wahitimu wa kwanza wa kiume walikuwa na robo karne ya kujijenga serikalini, mahakamani na katika biashara kabla msichana wa kwanza wa shule hiyo hajamaliza. Orodha ya mawaziri wa 1963, isiyokuwa na mwanamke hata mmoja, iliandikwa kwa sehemu siku ambayo muungano wa makanisa uliamua kuanza na wavulana.

Mchujo wa Beecher na miaka ya dharura

Mwaka 1949 ilitoka ripoti iliyobeba jina la mwenyekiti wake, Leonard Beecher, kasisi mkuu wa Kianglikana aliyewahi kuwawakilisha Waafrika katika baraza la kutunga sheria na ambaye baadaye alikuwa askofu mkuu wa Afrika Mashariki. Alipendekeza miaka minne ya msingi, minne ya kati na minne ya sekondari, mitihani ikisimama katika kila daraja, na makanisa yaendelee kusimamia shule kwa nidhamu zaidi. Kwa upande mmoja mpango huo uliongeza sekondari. Kwa upande mwingine, ulimaanisha watoto wengi mno wangemaliza safari yao wakiwa na miaka minne tu ya masomo.

Wazazi waliusoma mpango huo kama lango jembamba zaidi. Viongozi wa shule huru waliupinga kwa sauti kubwa, maana uliwaweka chini ya wasimamizi waliowakimbia miaka 20 nyuma. Hasira hizo zilikuwa bado mbichi hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952. Serikali ilifunga shule huru nyingi kwa madai ya kuwa vichaka vya Mau Mau. Githunguri ikafungwa, na mahali palipokuwa chuo pakageuzwa kuwa pa kunyongea watu.

Alliance haikufungwa. Ilibaki wazi katikati ya Ugikuyu huku vijiji vilivyoizunguka vikivunjwa na watu kuhamishiwa kambi zilizozungushiwa mitaro. Ngũgĩ, aliyeingia 1955 akitokea Limuru, ameeleza katika kitabu chake cha kumbukumbu za Alliance jinsi alivyorudi nyumbani likizo ya kwanza akakuta kijiji chake hakipo. Ndani ya lango kulikuwa na sare safi na kengele ya chakula. Nje kulikuwa na vizuizi vya askari na pasi za kutembelea. Mtoto aliyekuwa na nafasi alilindwa na nafasi hiyo kwa njia ambazo hakuna aliyezipanga, na aliyekosa hakukosa masomo peke yake.

Uhuru na hesabu mpya

Kenya ilipopata uhuru 1963 ilikuwa na wanafunzi karibu 892,000 wa shule za msingi na sekondari 151 zenye wanafunzi takriban 30,000. Takwimu hizo ndizo urithi halisi wa mpango wa zamani: msingi mpana kiasi, na juu pembamba. Wazazi walidhani bendera mpya ingefungua milango yote kwa pamoja.

Sheria ya Elimu ya 1968 ilihamisha usimamizi wa shule kutoka kwa makanisa kwenda serikalini. Kanisa likabaki kuwa mfadhili: lina sauti katika bodi, linalinda mapokeo ya dini, lakini halilipi walimu wala haliajiri. Tanzania ilikwenda mbali zaidi. Kwa sheria yake ya elimu ya 1969 ilizitaifisha shule za madhehebu, nyingi zikawa za serikali moja kwa moja. Kenya ilichagua ndoa ya upande mmoja kutoa jina na ardhi, wa pili kutoa walimu. Ndoa hiyo imedumu, ingawa kila mwaka husikika ugomvi juu ya nani ateuliwe mwalimu mkuu, au hati ya kiwanja iko kwa nani.

Lakini walioijaza ile hesabu ndogo hawakuwa serikali wala makanisa. Walikuwa watu wa harambee. Kuanzia miaka ya 1960, karibu kila tarafa ilipiga mnada wa kuku, mbuzi na mikungu ya ndizi, mbunge akaalikwa, mchungaji akafungua kwa sala, na mwisho wa siku zikapatikana pesa za msingi wa darasa. Kufikia katikati ya miaka ya 1970, sekondari za harambee zilikuwa zimezipita za serikali kwa idadi. Zilipokea waliokosa nafasi katika mchujo, zikawapa walimu wasio na mafunzo ya kutosha, na matokeo yao ya mitihani mara nyingi yalikuwa dhaifu. Pamoja na hayo, bila zile shule, kizazi kizima cha makarani, wauguzi na walimu wa msingi kingebaki mashambani.

Ni roho ileile ya Kagumo na Githunguri. Kila serikali au kanisa liliposema subirini, wazazi walitafuta mawe.

Kila mlango unaofunguliwa hudai madarasa

Miongo iliyofuata ilirudia funzo moja kwa sura mbalimbali. Mwaka 1974 rais Jomo Kenyatta aliondoa ada kwa madarasa manne ya kwanza ya msingi, na watoto wa darasa la kwanza wakaongezeka zaidi ya mara mbili kwa mwaka mmoja. Madarasa hayakuwepo. Kamati za shule zikatoza michango ya ujenzi iliyozidi ada zilizofutwa, na wengi wa watoto hao wakatoka tena kimyakimya.

Mwaka 1985 mfumo wa 8-4-4 ulipoanza, kila shule ya msingi iliagizwa kuwa na darasa la nane na karakana, na mzigo ukaangukia wazazi. Mwaka 2003 elimu ya msingi bila ada ilirudi, wanafunzi wakapanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Kimani Maruge, mzee wa miaka 84, aliingia darasa la kwanza mwaka uliofuata na kuwa ishara ya wote waliowahi kubaki nje. Mwaka 2008 ikafuata sekondari ya kutwa bila ada ya masomo. Mfuko wa maendeleo wa maeneobunge, ulioanza 2003, umejenga madarasa mengi kuliko muungano wowote wa misheni, ingawa ujenzi huo umefuata kalenda ya siasa zaidi ya kalenda ya shule.

Alliance yenyewe ilibaki miongoni mwa shule 18 za kitaifa hadi 2011, serikali ilipoanza kuzipandisha nyingine nyingi hadhi ili kupunguza msongamano kwenye lango lilelile. Hatua hiyo ilikuwa kukiri, baada ya miaka 85, kwamba nchi haiwezi kuishi kwa kutegemea mlango mmoja. Makanisa ya Kiprotestanti na Kikatoliki nayo yamejenga shule mpya za binafsi. Nyingi ni nzuri. Lakini ada zake zinazifanya ziwe za wenye uwezo, na swali la mwaka 1926 linarudi likiwa na sura ya pesa badala ya rangi.

Karne ya pili

Mwaka huu wa karne umeangukia wakati wa maana. Januari 2026 ndipo kundi la kwanza la mtaala wa umilisi lilipopangiwa kuingia Gredi ya 10, sekondari ya juu, baada ya Gredi ya 7 hadi 9 kuwekwa katika viwanja vya shule za msingi kuanzia 2023. Sekondari msingi hizo zilianza bila maabara, na walimu wa sayansi walilazimika kufundisha kwa kuchora vifaa ubaoni. Wanafunzi wake sasa wanagawanywa katika mikondo ya sayansi, sanaa na jamii, na si kila shule iliyo karibu na nyumbani inao mkondo ambao mtoto ameuchagua. Wazazi wa mwaka huu wanaijua vizuri hadithi ya Grieve na Carey Francis bila kuisoma: nafasi nzuri chache, watoto wengi, na barua ya kuitwa inayoamua maisha.

Maadhimisho yanaweza kwenda njia mbili. Ya kwanza ni ya kawaida: picha za zamani, mlo wa jioni, mnara wa ukumbusho, na orodha ya majina makubwa. Ya pili ni kuuliza Alliance imethibitisha nini kwa miaka mia. Imethibitisha kwamba mtoto wa mkulima wa Kenya akipewa mwalimu, bweni na vitabu, hana haja ya kuonewa huruma. Hilo lilikuwa na wabishi mwaka 1926. Leo halina. Aliyelithibitisha zaidi kuliko yeyote ni Mbiyu Koinange, ambaye aliona kwamba lango jembamba haliwezi kuwa jibu la nchi, akaenda kujenga la pili kwa matofali ya wananchi.

Makanisa ya Kenya yanamiliki ardhi kubwa katika kaunti nyingi, sehemu kubwa yake ikiwa zawadi za wazee wa vijiji waliozitoa ili watoto wasome. Baadhi ya viwanja hivyo vimekuwa maegesho ya magari ya Jumapili na kumbi za harusi. Wanafunzi wa zamani wa Alliance wamo katika wizara, benki, kamati za bunge na sinodi. Katika miaka minane ya mwanzo, muungano wa makanisa manne uliochoka kubishana ulifanikiwa kujenga shule moja. Makanisa haya, yakiwa na waumini na rasilmali mara nyingi zaidi, yanaweza kufanya makubwa zaidi kwa muda huohuo, na yajenge shule za kutwa zenye ada ambayo mama muuza mboga anaweza kuilipa. Wazee waliotoa viwanja vile hawakusema vingoje hadi karne ya pili.